Jagina na Mpenziwe: Nani Mwenye Kauli?

Kila inapotoka filamu mpya ya majagina, mjadala ule ule huzuka mabwenini na hata katika vyumba vya semina: je, wahusika hawa wawe na wapenzi? Majagina ninaowakusudia ni wale waliojaliwa nguvu zipitazo za binadamu wa kawaida, kama vile Superman apaaye angani na Spider-Man atambaaye ukutani, pamoja na wale wa aina ya Batman ambao hawana nguvu hizo ila wameorodheshwa nao kwa sababu ya mavazi na kazi yao. Wapo wanaoshikilia kwamba mahaba hayana nafasi katika filamu za aina hii. Mtazamaji, wasema hao, amelipa aone daraja likikatika na jagina akilidaka. Hakulipa aone watu wawili wakitazamana mvuani. Wapo wanaowajibu kwamba jagina asiyependa ni mtambo uliovishwa joho. Lipo pia kundi la tatu, lisilo na hoja ya kifasihi bali lenye kidhibiti cha runinga mkononi. Hilo ni kundi la wazazi wetu, ambao busu likikaribia hukumbuka ghafla kwamba mtoto hajawaletea wageni maji. Kundi hilo nitaliheshimu kwa kutolijadili.

Mimi ninawaunga mkono wale wa pili, lakini kwa sharti ambalo sijawasikia wakilitaja. Mahaba yawepo, ila yule anayependwa awe mtu mwenye kauli katika mapenzi hayo. Filamu nyingi za majagina zimeshindwa hapo. Wanaochukia mahaba katika filamu hizo aghalabu huwa wameuona upungufu huo bila kuutambua ulivyo, wakadhani kasoro ni mapenzi yenyewe.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba mapenzi ni kiungo kilichotiwa baadaye na wenye studio za Hollywood ili kuwavutia wanunuzi wa tiketi. Superman alipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la kijitabu cha vibonzo cha Action Comics, Lois Lane alikuwemo. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa mji wa Cleveland, na walijua walichokuwa wakikifanya. Clark Kent anamtaka Lois. Lois anamtaka Superman. Lois hana haja na Clark. Na Clark ndiye Superman. Ukimwondoa Lois katika hesabu hiyo, miwani ya Clark inabaki kuwa miwani tu. Ndiye anayeufanya ule utu wa kujificha uume, kwa sababu jagina anakataliwa na mtu yule yule anayemhusudu. Kwa hivyo anayesema Superman angekuwa bora bila Lois hatetei asili ya kisa. Anatetea kisa ambacho hakijawahi kuwako.

Sababu ya pili ni ya kimsuko, nayo inawahusu wanafunzi wa fasihi simulizi moja kwa moja. Mhusika asiyeweza kuumizwa hazui taharuki. Wasimulizi wa mighani walilijua jambo hili zamani, ndiposa kila shujaa wao ana pahali pamoja panapopenyeka. Fumo Liyongo hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe ambao mikuki inajipinda juu yake, lakini nguvu zake zimo kivulini. Zingatia kwamba katika visa vyote viwili siri hiyo haivujishwi na mpelelezi wala mganga. Anayeifikisha kwa adui ni mtu wa nyumbani: kwa Liyongo ni mwanawe wa kumzaa, kwa Magere ni mke aliyepewa na maadui zake Walang'o. Udhaifu halisi wa mashujaa hawa, basi, haukuwa kitovu wala kivuli. Ulikuwa ule ukaribu unaomfanya mtu mwingine ajue kitovu kiko wapi.

Filamu za majagina zimeurithi mpango huu zikaubadilisha kidogo. Mpenzi hahitaji tena kuivujisha siri. Yeye mwenyewe amekuwa ndiyo siri, na adui akimkamata amekamata kitovu. Katika Superman ya mwaka 1978, iliyoelekezwa na Richard Donner, jagina ameonywa na babake asiingilie historia ya binadamu. Lois anafukiwa garini na tetemeko la ardhi, anakufa, na Superman anaizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma. Wapo wanaoicheka sehemu hiyo kwa upungufu wake wa kisayansi. Mimi naiona kuwa kilele kilichostahili filamu nzima, kwa kuwa ni hapo tu ambapo yule asiyezuiwa na risasi wala moto anaonyeshwa akilia kama mtu aliyechelewa kufika hospitali.

Hata hivyo, mpenzi akiwa kitovu cha jagina, maana yake ni kwamba amekuwa kiungo cha mwili wa mtu mwingine. Kitovu hakina matakwa. Hakiulizwi. Mwaka 1994, katika vibonzo vya Green Lantern, mpenzi wa jagina aliuawa na maiti yake ikasukumiwa ndani ya jokofu ili jagina aikute. Miaka mitano baadaye mwandishi Gail Simone alikusanya orodha ndefu ya wahusika wa kike waliouawa, kulemazwa au kupokonywa nguvu katika vibonzo, na tangu wakati huo jokofu limekuwa msamiati wa wahakiki wa fani hii. Filamu nazo zina majokofu yake. Gwen Stacy, aliyekufa katika vibonzo mwaka 1973, aliuawa upya katika The Amazing Spider-Man 2 mwaka 2014. Rachel Dawes wa The Dark Knight ya mwaka 2008 analipuliwa akiwa amefungwa, na filamu inageuka mara moja kuuliza kifo hicho kimemfanya nini Batman na kimemfanya nini Harvey Dent. Rachel alikuwa ameandika barua akieleza uamuzi wake: angeolewa na Dent. Barua hiyo haimfikii Batman, kwa kuwa mtumishi wake Alfred anaizuia kisha anaichoma, akiamini kwamba anamhurumia bwana wake. Sina hakika kama waandishi wa filamu walikusudia tuione hivi, lakini sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa mwanamke mwenye kauli ambaye kauli yake inatiwa moto na watu wema.

Hapa turudi kidogo kwa Magere. Mara nyingi kisa chake husimuliwa kama onyo dhidi ya wanawake, na mke wake huwekwa katika fungu moja na Delila wa Biblia. Lakini katika masimulizi mengi mke huyo hana hata jina. Anatolewa na watu wake kama zawadi yenye sumu, anapokelewa na watu wa Magere kama thawabu ya ushindi, na hakuna wa upande wowote anayemuuliza. Siku Magere anapougua na kumwagiza akichanje kivuli badala ya mwili, ndiyo siku ya kwanza mwanamke huyo anakuwa na jambo analolijua peke yake. Analipeleka kwao. Sitaki kumtakasa, maana aliyekufa alikuwa mumewe. Ninauliza tu msomaji angetarajia nini kwa mtu aliyefanywa chombo na pande mbili.

Swali la nani huamua ndilo lililojitokeza vizuri kuliko kwingineko katika filamu mbili za Spider-Man alizoelekeza Sam Raimi, ile ya mwaka 2002 na ile ya 2004. Katika ile ya kwanza Peter Parker amempenda Mary Jane tangu utotoni. Adui yake anapotambua hivyo anamning'iniza binti huyo darajani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananing'iniza gari la kamba lililojaa watoto, kisha anamwambia Spider-Man achague. Anawaokoa wote, kama ilivyotarajiwa. Mwishoni, makaburini, Mary Jane anamweleza Peter kwamba anampenda. Peter, ambaye amelisubiri neno hilo filamu nzima, anamjibu kwamba hana cha kumpa zaidi ya urafiki, kisha anaondoka. Watazamaji wengi huondoka nao wakisema: tazama kujinyima kulikoje! Ni kweli amejinyima. Lakini pia amemnyima mwenzake, na hakumwambia ni kwa nini. Mary Jane amebaki makaburini akijigusa midomo, akijaribu kukumbuka ni wapi pengine alipolipata busu kama lile. Hatari ni yake, maisha ni yake, na yeye pekee ndiye asiyejua kinachojadiliwa.

Watetezi wa Peter watasema kwamba alimlinda. Basi na tuitazame filamu ya pili. Peter anauachilia ujagina, anazipoteza nguvu zake kwa muda, anazipata tena, na hatimaye Mary Jane anaiona sura iliyo nyuma ya kinyago. Hapo tena Peter anarudia lile lile: hatuwezi kuwa pamoja, utakuwa na maadui daima. Mary Jane anakwenda kufunga ndoa na mwanaanga, na siku ya harusi anatoroka, anakimbia barabarani na shela lake hadi mlangoni kwa Peter. Anachomwambia pale, kwa muhtasari, ni kwamba anaijua hatari na anataka kuikabili pamoja naye, na kwamba uamuzi huo ni haki yake. Wakati huo huo ving'ora vya polisi vinalia mtaani na ni Mary Jane mwenyewe anayemruhusu Peter aende. Kamera haimfuati jagina kwa muda mrefu. Picha ya mwisho ya filamu ni uso wa Mary Jane dirishani, tabasamu likipungua, wasiwasi ukiingia. Filamu haikumwongopea mtazamaji kwamba mapenzi hayo yatakuwa mepesi. Imemwonyesha mtu mzima akilipa gharama aliyoikubali kwa hiari, jambo ambalo ile ya kwanza ilimnyima.

Linganisha na Superman II ya mwaka 1980. Superman anamfichulia Lois yeye ni nani, kisha anaziacha nguvu zake zote ili aishi naye. Siku chache baadaye anapigwa mkahawani na dereva wa lori, anaonja damu yake kwa mara ya kwanza, ilhali wahalifu watatu wa sayari yao wameiteka Ikulu ya Marekani. Anazirudia nguvu, anawashinda. Lois anabaki na mzigo wa kuijua siri, naye anakiri kwamba mzigo huo ni mzito. Superman anambusu, na busu hilo linamfutia kumbukumbu. Filamu inalionyesha tendo hili kama huruma. Hakumwomba ruhusa. Mtu amepokonywa siku zilizokuwa kubwa kuliko zote maishani mwake, na muziki unatuashiria tufurahi. Wanaosema kwamba mahaba humlegeza jagina huitaja filamu hii kama ushahidi. Mimi naitaja kama ushahidi wa jagina aliyerudishiwa nguvu zote isipokuwa ule ujasiri wa kumwacha Lois ajiamulie.

Hoja yao nyingine ni nzito zaidi, nayo ni ya wajibu. Mwenye dhamana ya watu wote hafai kuwa na mtu mmoja ampendaye kuliko wengine, kwa kuwa siku ya siku atamchagua huyo mmoja. Wana mfano mzuri katika Avengers: Infinity War ya mwaka 2018. Thanos amelazwa usingizi, glavu inakaribia kumtoka mkononi, na Peter Quill anagundua kwamba Gamora, mpenzi wake, ameuawa na Thanos huyo huyo. Hasira zinampanda, anampiga, Thanos anaamka, na mwisho wa habari nusu ya viumbe vyote inatoweka. Ushahidi wao unaonekana umekamilika. Lakini filamu hiyo hiyo ina jozi nyingine. Vision ana jiwe la akili kwenye paji la uso, analotafuta Thanos, na yeye mwenyewe anamwomba Wanda, mpenzi wake, aliangamize jiwe hilo ingawa atakufa nalo. Wanda anafanya hivyo huku machozi yakimtoka. Kwamba Thanos anaurudisha nyuma wakati na kulichukua jiwe hilo ni jambo jingine. Mapenzi hayakumfanya Wanda asaliti ulimwengu. Tofauti kati ya Quill na Wanda haiko katika kupenda, wala haiko katika kiasi cha kupenda. Wanda alimsikiliza mpenzi wake. Gamora naye alikuwa amemsihi Quill kabla, amuue kuliko kumwacha aangukie mikononi mwa Thanos. Quill alijaribu akashindwa, na alipomkosa hakukumbuka tena kwamba Gamora alilitaka nini, alikumbuka tu kwamba alikuwa wake.

Sisemi kila jagina lazima apewe mchumba. Captain Marvel ya mwaka 2019 haina mahaba hata kidogo. Uhusiano unaoibeba ni urafiki wa marubani wawili wanawake, Carol Danvers na Maria Rambeau, na filamu hiyo ilipata zaidi ya dola bilioni 1 duniani kote. Mapenzi yaliyobandikwa ili kutimiza desturi ni mabaya kuliko kutokuwepo. Ninachokipinga ni ile kanuni kwamba anayewatumikia wengi sharti awe mkiwa. Daktari wa zamu ya usiku na rubani wa ndege ya zimamoto wana watu wao nyumbani, na hakuna anayewadai waachane nao ili tuwaamini. Kanuni hiyo, ukiichunguza, humfanya mtu wa nyumbani aonekane kizuizi cha kazi, na humsamehe mtumishi wa umma asiyetaka kueleza nyumbani kwake anakokwenda.

Inastaajabisha kwamba filamu iliyoichimba ndoa ya majagina kwa undani ilikuwa ya vikatuni. The Incredibles ya Brad Bird, mwaka 2004, inasimulia hasa yale yanayojiri pale ambapo nyingine huishia, yaani baada ya harusi. Bob na Helen ni majagina wote wawili, wamezuiwa na sheria kutumia nguvu zao, wana watoto watatu na nyumba ndogo. Bob anaanza kwenda kazini kwa siri. Helen anaona unywele mrefu kwenye koti lake na anadhani ana mwanamke mwingine, kumbe kosa lake ni kwamba amekuwa jagina bila kumwambia mkewe. Mtoto ataicheka filamu hiyo. Aliyeoa ataitazama akiwa amenyamaza. Superman ya mwaka 2025, iliyoelekezwa na James Gunn, imejifunza kitu katika njia hii. Lois anajua tayari Clark ni nani, na mojawapo ya sehemu zake bora haina hata ngumi moja: wamekaa nyumbani kwa Lois, kinasa sauti kiko mezani, naye anamhoji Superman kama mwandishi wa habari kwa kuingilia vita vya nchi za watu bila idhini ya yeyote. Wanapendana, na kwa sababu hiyo anamuuliza yale ambayo hakuna mwingine angethubutu kuyauliza.

Mfano ninaouthamini zaidi, hata hivyo, ni Black Panther ya mwaka 2018, wala si kwa sababu tu Nakia ameigizwa na Lupita Nyong'o, binti wa jamii ile ile iliyotupa kisa cha Magere. T'Challa, mfalme na jagina, anaduwaa kila amwonapo Nakia, na jemadari wake Okoye hamfichi kwamba ameliona hilo. Lakini Nakia hamngoji. Anapochukuliwa mwanzoni mwa filamu yumo katikati ya kazi ya upelelezi nchini Nigeria akiwaokoa wanawake waliotekwa, na anaukasirikia usumbufu huo. Alikwisha kuamua kwamba hawezi kukaa Wakanda kwa starehe huku majirani wakiteseka. Filamu nzima T'Challa anapigana na wanaume wenzake juu ya mustakabali wa nchi, na mwishoni msimamo anaoufuata ni ule wa Nakia: Wakanda ifungue milango yake. Okoye naye yuko vitani mkabala na mpenzi wake W'Kabi. Anapoulizwa kama atamuua kwa ajili ya Wakanda, anajibu bila kusita kwamba atamuua, na W'Kabi anaitupa silaha yake na kupiga magoti. Anayetaka kujua kama mapenzi na wajibu vyaweza kukaa katika kifua kimoja amtazame mwanamke yule na mkuki wake.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki mwaka 2020. Filamu iliyofuata, Wakanda Forever ya mwaka 2022, ilimzika mhusika pamoja na mwigizaji wake, na Nakia angeweza kwa urahisi kubakizwa kuwa mjane wa kulia pembeni. Badala yake tunamkuta Haiti, ambako amekuwa akiendesha shule. Kwenye ufuo, sinema ikiwa imekwisha kabisa, anamletea Shuri mtoto mdogo wa kiume. Ni wa T'Challa. Shuri anaelezwa kwamba mtoto alilelewa mbali na shinikizo la kiti cha ufalme, na kwamba baba na mama walikuwa wamekubaliana hivyo wakiwa wawili.